Kamera Nzima, Filamu Hakuna

Leo nataka tuzungumze juu ya kamera za papo kwa papo, zile ambazo watu wengi huziita Polaroid hata kama jina lililoandikwa juu yake ni jingine. Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja wa Tanga. Marehemu baba yake alirudi na kamera ya namna hiyo kutoka masomoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anasema kamera yenyewe ni nzima: lenzi safi, shata inafunguka na kujifunga, na ile ngozi yenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono haina hata tundu moja. Kinachokosekana ni filamu. Sasa ametokea mtu aliyemwambia kuwa anaweza kuigeuza ili itumie filamu ya aina nyingine, ila kwanza atumiwe dola mia kadhaa. Mama anauliza, je, jambo hilo lipo kweli au anataka kuliwa fedha zake?

Jambo lipo. Limefanywa mara nyingi Marekani, Ulaya na Japani, na mafundi wenye mashine za kukatia chuma na hata watu wa kawaida juu ya meza ya jikoni. Lakini kabla ya kutoa fedha, kuna swali moja ambalo mama huyu anapaswa kumwuliza fundi wake, na swali hilo halihusu kamera hata kidogo. Linahusu filamu. Nitalifikia, ila kwanza tuelewane jinsi picha hizi zinavyojisafisha zenyewe.

Wazee wenzangu mnakumbuka utaratibu wa zamani. Unapiga mkanda mzima, unaupeleka studio, unaambiwa rudi Ijumaa. Ijumaa unaambiwa umeme ulikatika. Mmarekani mmoja, Edwin Land, aliulizwa na binti yake wa miaka 3, walipokuwa mjini Santa Fe mwaka 1943, kwa nini hawezi kuiona palepale picha aliyopigwa. Mtoto huuliza, mzazi hujibu ovyo na kuendelea na safari yake. Huyu hakujibu ovyo. Mwezi Februari 1947 alisimama mbele ya wataalamu wa mambo ya mwanga mjini New York akawaonyesha picha iliyosafishwa kwa dakika moja, na mwezi Novemba 1948 kamera yake ya kwanza, Model 95, iliwekwa dukani mjini Boston kwa bei ya dola 89 na senti 75.

Alichofanya Land ni kukihamisha chumba cha giza na kukiweka ndani ya filamu. Filamu yake ilikuwa ya karatasi mbili. Moja ni negativu, ndiyo inayopigwa na mwanga. Ya pili ni ile itakayobeba picha. Katikati yake kuna kifuko kidogo chenye dawa nzito kama uji wa mgonjwa. Ukishapiga, unavuta karatasi zote mbili kwa pamoja, nazo zinapita kati ya rola mbili za chuma zilizobanana. Kifuko kinapasuka, dawa inatandazwa sawasawa kati ya karatasi hizo. Pale ambapo mwanga ulipiga, madini ya fedha yaliyomo kwenye negativu yanabaki palepale. Pale ambapo mwanga haukufika, dawa inayayeyusha na kuyahamishia kwenye karatasi ya pili, ambako yanakuwa weusi wa picha. Unangoja dakika moja, unabandua, na picha ipo mkononi.

Kama uliishi mjini miaka ya 1980 na 1990 na ukahitaji picha za pasipoti za haraka, jambo hili umeliona kwa macho yako. Unakalishwa mbele ya kitambaa cheupe, unaambiwa usicheke. Kamera ina macho manne. Mpiga picha anavuta karatasi, anatazama saa yake ya mkononi, anabandua, na sura yako imetoka mara nne. Ile karatasi nyingine yenye kunata inakwenda chini ya meza. Hiyo ilikuwa filamu ya pakiti, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963. Kabla ya hapo filamu za Land zilikuwa za mkanda, roli mbili zinazokaa kila moja katika chumba chake, ncha hii na ncha ile ya kamera. Naomba mshike tofauti hiyo ya mkanda na pakiti, kwa sababu ndiyo iliyoleta habari yote ya leo.

Kamera ya mama wa Tanga, kwa jinsi alivyoieleza, ni Model 110B. Iliuzwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1964. Hii si kamera ya kitoto. Nyingi za ndugu zake zilikuwa na lenzi za kawaida tu na namba chache za kuchagua, lakini 110B, pamoja na 110A iliyoitangulia, ilipewa lenzi ya Kijerumani ya Rodenstock yenye shata ya kuchagua mwendo kwa mkono, na kipima umbali kilichofungamana na lenzi. Unatazama kwenye kidirisha, unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha mpaka zinakuwa moja, umemaliza kulenga. Haina umeme wa aina yoyote. Hakuna betri ya kuoza, hakuna waya wa kukatika. Kwa hiyo ilipofika mwaka 1992 kampuni ikaacha kutengeneza filamu za mkanda, kamera hizi ziliachwa zikiwa na nguvu zake zote. Hebu fikiria gari ambalo injini yake inanguruma vizuri, ila petroli yake peke yake ndiyo iliyokomeshwa duniani.

Hapo ndipo mafundi walipoingia.

Kazi ya kuigeuza kamera ya namna hii ina mambo matatu, na moja kati ya hayo ni gumu kuliko mengine yote mawili yakiwekwa pamoja. Jepesi la kwanza ni kuziba mwanga. Fundi hukata mlango wa nyuma, na mara nyingi hukata pia vile vyumba viwili vya roli, kisha hufunga kibebeo cha filamu mpya kwa skrubu au gundi. Kila palipounganishwa panaweza kuvuja. Dawa yake ni kuwasha tochi ndani ya kamera ukiwa katika chumba chenye giza totoro, ungoje macho yako yazoee, kisha uizungushe polepole. Tundu la ncha ya sindano litakuonyesha nyota. Unaliziba kwa rangi nyeusi isiyong'aa au kitambaa cheusi cha mahameli. La pili ni rola. Filamu mpya lazima ibanwe na kuvutwa kwa nguvu sawa tangu mwanzo hadi mwisho, la sivyo dawa inatandaa upande mmoja na nusu ya uso wa mtu haitokei. Ndiyo maana mafundi wengi hawatengenezi rola zao, bali huchukua za kamera nyingine iliyokufa lenzi.

Gumu ni umbali. Lenzi ya 110B ni ya milimita 127. Maana yake ni kwamba ukilenga kitu cha mbali sana, filamu inatakiwa ikae takriban milimita 127 nyuma ya lenzi. Kibebeo kipya cha filamu karibu kila mara huiweka filamu mahali tofauti na pale ilipokaa ya zamani. Milimita 5 nyuma, au 10, inategemea. Unaweza kusema, milimita ni kitu gani bwana? Ukiwa umefungua lenzi yote, milimita moja tu inatosha kuzifanya kope za mtu zionekane kama zimepakwa masizi. Kwa hiyo ni lazima lenzi nayo ihamishwe kwenye reli yake, kisha kile kipima umbali kifundishwe upya, maana chenyewe bado kinaamini kuwa filamu ipo mahali pake pa zamani.

Namna ya kupima ni hii, nami naipenda kwa sababu haihitaji chombo chochote cha ghali. Tafuta kipande cha kioo kilichosuguliwa kwa unga wa msasa mpaka kikapata ukungu, au utandaze karatasi ya kunakilia ramani juu ya kioo cha kawaida. Kiweke pale hasa itakapokaa filamu mpya, upande wenye ukungu ukielekea lenzi. Fungua shata na uiache wazi. Elekeza kamera kwenye kitu cha mbali, mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi unafaa, ujifunike shuka nyeusi kichwani, na usogeze lenzi mpaka mnara uonekane mkali. Weka alama hapo. Hapo ndipo mwisho wa safari ya lenzi. Kisha pima kitu kilicho mita 2, kwa futi kamba, urekebishe kipima umbali mpaka kikubaliane na kioo. Rudi kwenye mnara uhakikishe. Rudi tena kwenye mita 2. Fundi asiyefanya hivi amekuuzia boksi lenye lenzi mbele.

Ukiutazama mnara huo kwenye kioo, utauona umesimama kwa kichwa, na kulia kumekuwa kushoto. Mtu asishtuke. Ukikigeuza kioo juu chini bila kukipindua, kila kitu kinakaa mahali pake. Lakini lau ungeweza kuingia ndani ya kamera na kuitazama sura hiyo kutoka upande wa lenzi, hapo ingekuwa imepinduka kama kwenye kioo cha kujitazamia, na maandishi ya kwenye kibao cha duka yangesomeka kinyumenyume, hata ungeigeuza vipi. Nawaomba mnivumilie kidogo hapa, maana wengi wamepoteza kamera nzuri kwa kutolielewa jambo hili.

Filamu ya kubandua haina tatizo. Negativu inapigwa upande wa lenzi, kwa hiyo sura yake imepinduka, lakini inapogandana uso kwa uso na karatasi ya pili inapinduka tena, na mara mbili ni sawa na kutopinduka. Tatizo lilianza na filamu ile ambayo haibanduliwi, yenye fremu nyeupe, ambayo picha inajitokeza yenyewe huku unaitazama. Polaroid ilianza kuiuza mwaka 1972 pamoja na kamera ya kukunja iitwayo SX-70. Filamu hiyo hupigwa mwanga upande uleule ambao baadaye utautazama. Kwa hiyo ndani ya kila kamera yake kuna kioo kilicholazwa mshazari, kazi yake ni kuipindua sura mara moja kabla haijafika kwenye filamu. Kampuni ya Fuji ya Japani, ambayo filamu zake za Instax zilianza kuuzwa mwaka 1998, ilifuata njia nyingine. Instax hupigwa mwanga upande wa nyuma, nawe unaitazama upande wa mbele. Haihitaji kioo.

Sasa oneni matokeo yake. Ukichukua kamera kuukuu kama 110B, ambayo lenzi inatazamana na filamu moja kwa moja bila kioo, ukaitia filamu nyeupe ya Polaroid, watu wote wanakuwa wa mkono wa kushoto na namba za magari hazisomeki. Ukiitia Instax, picha inatoka sahihi. Na ukichukua kamera yenye kioo, kama SX-70, ukailazimisha kula Instax, kila kitu kinapinduka. Kwa picha ya ua la bustani nani atajali. Kwa picha ya mtoto siku ya mahafali, akiwa na jina la shule kifuani, itakuuma.

Tukirudi kwenye historia, baada ya mwaka 1992 mafundi waligeuza kamera za 110A na 110B nyingi sana zitumie filamu ya pakiti, ileile ya picha za pasipoti. Sababu zao zilikuwa na akili. Ukubwa wa picha ulikuwa uleule, milimita 73 kwa 95. Filamu ilipatikana kila mji. Ilitengenezwa na Polaroid na pia na Fuji, kwa hiyo mmoja akianguka mwingine angebaki. Watu walilipa mamia ya dola, wakangoja miezi kadhaa kwenye foleni ya fundi, wakaipokea kamera yao imekatwa vizuri na kupakwa rangi, wakafurahi.

Mwezi Februari 2008 Polaroid ikatangaza kuwa inaacha kutengeneza filamu za papo kwa papo za kila aina. Fuji ikabaki peke yake. Mwaka 2013 Fuji ikatangaza kuiacha filamu yake ya pakiti ya rangi nyeusi na nyeupe, na mwaka 2016 ikatangaza kuiacha ile ya rangi. Zile kamera zilizokatwa kwa msumeno zikakwama mara ya pili katika maisha yake, na safari hii zikiwa hazina hata mlango wa nyuma. Na studio za pasipoti zilizokuwa hazijahamia kwenye kamera za kompyuta hazikuwa na budi ila kuhama.

Basi mama yangu wa Tanga, swali lenyewe ni hili: filamu utakayonigeuzia inatengenezwa na nani leo, na ni wangapi wanaoitengeneza? Umeniandikia kuwa fundi amekuahidi filamu ya kubandua, na kwamba anazo pakiti chache atakuuzia pamoja na kazi yake. Usikubali. Pakiti hizo ni masalio ya miaka mingi. Dawa iliyomo kwenye kile kifuko hukauka, rangi hugeuka, na bei yake hupanda kila moja inapotumika, kwa kuwa hakuna kiwanda kikubwa kinachoitengeneza tena. Atakuwa amekutoa kwenye shimo moja na kukushusha katika la pili, na kamera ya baba imekwisha kukatwa.

Kuna watu waliookoa filamu ya Polaroid, na ni haki kuwataja. Baada ya tangazo la mwaka 2008, kundi dogo la watu lilizinunua mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wakijiita Impossible, yaani jambo lisilowezekana. Mashine walikuwa nazo, lakini dawa nyingi hazikupatikana tena kwa kuwa waliozitengeneza nao walikwisha kufunga. Ilibidi wabuni upya. Filamu zao za kwanza, za mwaka 2010, zilikuwa dhaifu kiasi kwamba picha ikitoka tu ikaona mwanga iliharibika, na watu wakawa wanafunga pazia dogo la plastiki kwenye mdomo wa kamera ili kuikinga. Leo filamu imetulia, na tangu mwaka 2020 kampuni hiyo inatumia jina la Polaroid lenyewe. Lakini walichookoa ni ile filamu yenye fremu nyeupe. Mashine za filamu ya kubandua hazikuwamo humo.

Kwa mwenye SX-70, kwa hiyo, habari ni njema, na ugeuzaji wake hauhitaji msumeno. Filamu yake ya asili inatengenezwa, ila wengi wanapendelea ile ya aina ya 600, ambayo inahitaji mwanga mara 4 pungufu. Ukiiweka vivi hivi picha inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Njia rahisi ni kuweka mbele ya lenzi kichujio cha kijivu kinachopitisha robo ya mwanga. Njia ya kifundi ni kufungua kamera na kubadilisha kapasita moja ndogo inayoiambia shata ifunge lini. Mimi naipendelea ya pili kwa mtu anayepiga ndani ya nyumba, kwa sababu kichujio kinatupa mwanga bure na shata inabaki wazi muda mrefu, mkono ukatikisika. Lakini mtu asiyejua kushika hinya ya kuchomelea waya asijaribu kwa SX-70 ya watu. Jambo jingine: chini ya pakiti ya 600 kuna vinundu vidogo vinavyoizuia isiingie kwenye SX-70. Unavipitisha kwa kuteleza kadi ngumu chini yake. Na angalia usinunue i-Type kwa kuvutiwa na bei. Pakiti za SX-70 na 600 zina betri ndani yake, ndiyo inayoendesha kamera nzima. Ya i-Type haina, kamera itakaa kimya kama jiwe.

Kwa 110B, ningekuwa mimi ningemwambia fundi aifungie mgongo wa inchi 4 kwa 5 wa aina ya Graflok. Ni fremu ya kawaida ya kamera kubwa, yenye vibano viwili vya kuteleza, na imekuwa kipimo cha dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba hauifungi kamera kwa filamu moja. Unaweza kubana kibebeo cha filamu ya karatasi moja moja, ambayo Ilford wa Uingereza, Kodak wa Marekani na Foma wa Ucheki wote wanaitengeneza. Unaweza kubana kibebeo cha mkanda wa 120, uliobuniwa mwaka 1901 na ambao bado unauzwa. Na tangu mwaka 2020 kampuni ya Lomography ya Vienna inauza kibebeo cha Instax pana kinachobanwa kwenye mgongo huohuo na kutoa picha kwa mota ya betri. Lenzi ya milimita 127 inaufunika ukubwa wa inchi 4 kwa 5 kwa shida, pembe zinakuwa na kiza kidogo, lakini picha ya Instax pana ni milimita 62 kwa 99 tu, inakaa katikati bila wasiwasi. Kikwazo ni kimoja: kibebeo hicho huiweka filamu nyuma zaidi ya vile vingine, kwa hiyo kipima umbali kitakubaliana na kimoja na kudanganya kwa kingine. Amua mapema ni kipi utakachokitumia zaidi, umwambie fundi arekebishe kwa hicho, na kwa kingine ulenge kwa kioo cha ukungu. Na Instax ina wepesi wa 800, mkali mno kwa jua letu la saa sita. Utahitaji kubana tundu la lenzi au kuvaa kichujio.

Tena, mwambie asikate mahali ambapo skrubu ingetosha, na kila kipande anachokitoa akitie kwenye mfuko akurudishie.

Wenye studio wameniuliza juu ya zile kamera za macho manne, kama nazo zinaweza kugeuzwa kwa Instax ili zirudi kazini. Chukueni kalamu. Picha nne za pasipoti zilipangwa mbili kwa mbili katika milimita 73 kwa 95. Instax pana ina milimita 62 upande mfupi, na nusu yake ni 31. Ofisi nyingi zinataka picha ya upana wa milimita 35. Ukigeuza, utamkata kila mteja sikio moja. Kwa kazi ya pasipoti kamera ya kompyuta na mashine ya kuchapia vimekwisha kushinda, hakuna ubishi.

Mwisho ni mambo ya matumizi kwa sisi wa pwani. Polaroid wanashauri filamu yao itumike kati ya nyuzi 13 na 28. Tanga mwezi Februari mnazijua nyuzi zenu. Joto likizidi picha inaelekea manjano na wekundu, kwa hiyo pakiti ikae kwenye friji, isigande, itolewe saa moja kabla ya kupiga, na picha ikitoka iwekwe kivulini ikiwa imelala kifudifudi. Rola zipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji kila pakiti inapokwisha, kabla dawa haijakauka juu yake. Tone moja likiganda kwenye rola litaacha doa mahali palepale katika kila picha, na utamlaumu fundi bure.

Mama, ukimaliza kuzungumza naye niandikie amejibu nini juu ya filamu. Nitalisoma jibu lake hapahapa wiki ijayo.